Matairi Yaliyobarikiwa

Crisanto,

Wali na samaki mkavu viko chini ya kawa, paka asikutangulie. Gari nimelichukua mimi.

Miaka minane unaniimbia, "Matairi haya yalikuja na gari, Padri Anselmo aliyabariki, hayabadilishwi!" Basi leo asubuhi nilimpa lifti Padri huyohuyo. Kwenye mteremko wa Baguio, mvua inanyesha, nikakanyaga breki, tukateleza mpaka ukingoni mwa korongo. Akafoka, "Perla binti yangu, matairi yana kipara kunishinda mimi!"

~~Nisamehe.~~ Siombi radhi. Jumamosi watoto wanapanda gari hili. Tunakwenda kufunga mapya, na Padri yumo garini na maji yake ya baraka. Kasema safari hii baraka ni ya miaka mitano tu.

Mama watoto