Mpaka Babu Atolewe

Jumatatu, tarehe 2

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini u mzima, na wenzako mnaofua mashuka ya hoteli hawajambo. Mimi ni chuma, isipokuwa sauti inakwaruza, ndiyo maana nakuandikia kwenye simu badala ya kupiga. Ukinisikia utadhani mlango wenye kutu.

Mashindano ya tenisi yameanza na Babu, mchezaji wangu, kashinda. Wewe na huyo Kinda unayemshangilia mlishamzika, eti miaka thelathini na minane, eti goti bandeji. Kampiga kijana seti tatu mfululizo, kwa mkono wake uleule wa kushoto. Karakana yangu ilijaa watu. Unajua mtangazaji wa kwenye tivii anaongea kikwao, basi mimi nazima sauti na kutangaza mwenyewe huku navisha makochi, misumari mdomoni. Kuna mtu alisafiri kutoka mji mwingine anisikie tu, akaja na kochi zima lisilo na kasoro ili apate kisingizio. Safari hii nilinong'ona. Watu walinisogelea mpaka mmoja akakalia gundi, akaondoka na kigoda.

Sasa kuna jambo dogo. Daktari wa hapa kanimulika kooni, kaona kitu kimeota penye sauti. Nikamwambia huo ni msumari niliomeza zamani. Hakucheka. Anataka nije hospitali kubwa ya huko kwako, wakate. Nitakuja. Babu akifungwa tu, kesho yake nimo kwenye basi. Nimesema.

Mama yako asijue.

Mjomba wako

Jumanne, tarehe 3

Shikamoo Mjomba,

Sijambo, ila kwa kuuwaza ujumbe wako leo nimeunguza foronya. Mama anajua. Anasema siku hizi unalala umekaa, na kila tonge unalisindikiza kwa maji.

Nalikubali sharti lako kwa kuwa Babu namjua kuliko wewe. Mwaka huu hajavuka raundi ya pili popote. Anapoanzisha, mpira wake umepoa kama chai ya jana, na akikimbizwa kulia anafika yeye, goti linafuata baadaye. Alhamisi anakutana na yule Mrefu. Nimekuombea kitanda Jumamosi.

Mpwa wako

Jumamosi, tarehe 7

Mpwa wangu,

Hujambo? Mama yako nimemsalimu mwenyewe, akaanza kulia, nikamwambia asiniloweshee sponji.

Mrefu yuko wapi? Na yule wa leo yuko wapi? Wote wanafunga mabegi. Babu hakimbizi mpira tena, anaugusa tu hivi, unadondoka nyuma ya wavu kama umechoka, na vijana wanabaki wanautazama. Wewe unaita kuisha. Mimi naita akili.

Kwa hiyo nisingeweza kuja leo, umeona mwenyewe.

Jirani yangu Mshona Suti ndiye aliyetangaza. Aibu tupu. Mpira umetoka, yeye anasema umeingia. Nilitaka kumsahihisha, kikatoka kifilimbi. Watu wakadhani birika limechemka, na mimi nikacheka nao.

Nikilala nasikia kitu kinapiga mluzi chumbani. Nimeshaangalia dirisha. Si dirisha.

Mjomba wako

Jumapili, tarehe 8

Shikamoo Mjomba,

Kitanda wamepewa wengine. Nimeomba tena, wamesema Ijumaa.

Jana niliangalia mechi kwenye kantini. Nilimshangilia kila anayecheza na Babu, mpaka mpishi akaniuliza, "Dada, huyo mzee kakukosea nini?" Kinda wangu alikuwa anacheza uwanja wa pili na sikumtazama hata mpira mmoja. Namwombea mabaya mtu mzima asiyenijua, Mjomba.

Nimemuuliza daktari wa huku unachoogopa kuuliza. Amesema sauti inaweza kuondoka. Amesema pia kwamba tukingoja, hatutazungumzia sauti tena.

Mpwa wako

Jumatano, tarehe 11

Mpwa wangu,

Habari za kazi? Hapa kwema.

Umesikia, najua. Jumatatu Babu alishinda tena, lakini leo asubuhi kajitoa kabla ya robo fainali, goti. Sasa usinirukie. Mimi nilisema akifungwa. Nani kamfunga? Nitajie jina. Hakuna raketi iliyoinuliwa wala mpira uliovuka wavu. Mtu ambaye hakucheza hajafungwa, na mtu ambaye hajafungwa bado hajatoka, na mimi sharti langu nalijua nililiandika mwenyewe.

Mwakani atarudi. Tutazungumza mwakani.

Mjomba wako

Jumatano, tarehe 11, jioni

Mjomba,

Goti lilimtisha, akaenda kwa daktari. Hakusubiri kufungwa.

Ijumaa kitanda kipo. Sibishani tena.

Mpwa wako

Alhamisi, tarehe 12

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwenye basi, kiti cha dirishani.

Asubuhi lori lilikuwa linarudi nyuma mbele ya karakana, na Mshona Suti kaligeuzia mgongo, anapima mtu bega. Nikafungua mdomo nimpigie kelele. Haikutoka kelele. Haikutoka hata pumzi, mpwa wangu, nimesimama pale mdomo wazi na lori linakwenda. Nikarusha nyundo. Kwa mkono wa kushoto, ikisokota hewani, Babu mwenyewe angepiga makofi. Iligonga bodi, dereva akafunga breki. Mshona Suti anasema suruali yake ilibaki na upana wa kidole kutoka kwenye bampa. Mimi nasema nusu ya kidole.

Kisha nilikaa kwenye kochi la mteja nikatetemeka mpaka springi zikalia.

Nimekutumia rekodi. Ni fainali. Najua bado haijachezwa, lakini Jumapili sijui nitakuwa na nini cha kutangazia, kwa hiyo nimeitangaza kabisa, kipande kipande, kila sauti iliporudi. Isikilize Jumapili hiyohiyo, si kabla.

Naogopa.

Mjomba wako

Jumapili, tarehe 15

Shikamoo Mjomba,

Najua simu yako imo kwenye mfuko chini ya kitanda chako, lakini naandika. Niko kwenye benchi la korido. Tangu walipokukata jana hawajaturuhusu kuingia, tumekuona kwenye kioo tu, na bomba la kupumulia shingoni. Kuhusu sauti wanasema hawajui. Wameniambia hivyo kila nilipouliza, mpaka muuguzi akawa akiniona anageuza njia.

Fainali imekwisha. Kinda kachukua, seti tatu kwa moja. Kisha mimi na Mama tumesikiliza ya kwako. Pale unapomwingiza Babu uwanjani kwa mlango wa jikoni, ingawa alishajitoa, Mama alicheka. Pale unapokohoa na kusema "samahani watazamaji," alinishika mkono na hajauachia mpaka sasa, naandika kwa kidole kimoja.

Amka, Mjomba.

Mpwa wako

Jumanne, tarehe 17

Mpwa wangu,

Salamu. Kinda gani? Babu kashinda, ushahidi unao mwenyewe.

Wagonjwa wa humu nimewaandikia, hawaniamini. Saa ya kuona wagonjwa njoo na ile rekodi. Uiweke katikati ya wodi, sauti juu.

Mjomba wako