KIKAO CHA DHARURA KUHUSU MAABARA ISIYOFUNGULIWA YA CHUO MSHIRIKA

Kamati ya Ubora wa Shahada Zinazofundishwa na Vyuo Washirika
Jumanne tarehe 14, chumba cha mikutano, ghorofa ya pili

Waliohudhuria: Mwenyekiti; Mtahini wa Nje; Mkuu wa Chuo Mshirika (mwalikwa); Katibu.
Hakuhudhuria: Mkuu wa Idara ya Maabara. Alipiga simu saa 4:20 kusema anaumwa. Gari lake lilikuwa limeegeshwa chini ya dirisha la kikao.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:25 asubuhi. Katibu alitangaza maslahi: mdogo wake, kitinda mimba wa mama yake, anamaliza shahada ya maabara ya tiba katika chuo mshirika na ni namba 17 kwenye orodha ya watahiniwa. Mwenyekiti alisema haina neno, kila mtu ana ndugu.

KUMB. NA. 2/14: TAARIFA YA MTAHINI WA NJE
Mtahini alieleza kwamba wiki iliyopita alikwenda kuwatahini kwa vitendo wanafunzi 38. Alisafiri na hadubini yake. Mwanafunzi wa kwanza aliishika kwa mikono miwili, akauliza inawashwa wapi. Alipofika wa saba, Mtahini aliacha kutoa alama akaomba kufunguliwa maabara. Ufunguo ulitafutwa saa nzima. Ndani mlikuwa na viti vibovu na hadubini sita kwenye maboksi, plastiki haijatolewa.

Mkuu wa Chuo alisema maabara inasubiri umeme. Nadharia watoto wanaijua sana, hivyo wapigwe msasa wiki mbili, kamati ifunike kombe mwanaharamu apite. Mtahini alijibu kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua, na akamuuliza Mkuu kama angekubali damu ya mama yake ipimwe na hao. Mwenyekiti aliomba methali ziishie hapo.

KUMB. NA. 3/14: TAARIFA ZA UKAGUZI
Mwenyekiti alishangaa inakuwaje taarifa zote nne za ukaguzi ziseme: "Maabara ilikaguliwa na wajumbe wakaridhika." Mkuu wa Chuo alisema kila mwaka wajumbe walikaa ofisini kwake, wakatazama picha ukutani, wakaondoka mapema kukwepa foleni. Hakuna aliyewahi kuulizia ufunguo, na Mwenyekiti mwenyewe alikuwemo mara mbili. Mwenyekiti alisema hakumbuki. Aliuliza nani aliandika sentensi hiyo.

Katibu alisema ni yeye. Hajawahi kufika huko. Taarifa hupigwa chapa kabla ya safari, kwa kunakili ya mwaka uliotangulia, ili wajumbe watie saini garini wakirudi. Ya kwanza kabisa ilinakiliwa kutoka taarifa ya chuo kingine. Ndivyo alivyoikuta kazi, na Mwenyekiti alizisaini zote, hata za safari ambazo hakwenda. Katibu aliongeza kwamba mdogo wake alipotaka ushauri kuhusu chuo hicho, alimsomea sentensi hiyo kwenye simu. Katibu aliona aibu, na iandikwe kwamba aliona aibu.

Mwenyekiti alielekeza Kumb. Na. 3 isiingie kwenye kumbukumbu.

KUMB. NA. 4/14: MAAZIMIO
Matokeo ya wanafunzi wote 38 yazuiwe, na warudie mwaka mzima katika maabara ya chuo kikuu. Mkuu wa Chuo aliuliza watakaa wapi. Mwenyekiti alitaka barua ziseme sababu ni "udhaifu wa mwanafunzi katika vitendo", zisitaje ukaguzi. Mtahini alipinga, akasema watoto wa watu wasibebeshwe uvivu wa wakubwa. Mwenyekiti alisema imepita. Katibu aziandike kabla ya Ijumaa.

KUMB. NA. 5/14: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 6:10 mchana. Katibu hakusubiri Ijumaa. Alimpigia namba 17 akiwa bado kwenye ngazi. Namba 17 aliposikia habari ya maabara na matokeo, aliuliza: "Lakini dada, si ulisema walikagua?"

Mwenyekiti: amekataa kusaini hadi Kumb. Na. 3 iondolewe.
Katibu: amesaini. Haikuondolewa.