Mabua Yaliyokataliwa na Ng'ombe

Nyamuswa, Bunda

Mama yangu,

Kabla ya shikamoo, acha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: mavi ya ng'ombe kwenye mabua niliyapaka mimi. Niliyakoroga na maji kwenye ndoo, nikapaka kwa fagio kuukuu wakati watu wote wa hapa nyumbani wako kanisani. Nilisingizia tumbo.

Sasa shikamoo. Mguu wako umekuwaje? Unaweza kushuka ziwani kuanika dagaa? Mimi mwili ni mzima. Kinachoniumiza ni hasira.

Unajua mjomba alinipa kipande cha shamba nichanganye mahindi na maharage, akasema nikivuna vizuri misimu miwili, nitaendelea kukilima mwenyewe. Msimu wa kwanza nimevuna. Niliweka mbolea ya dukani kidogo, mabua yakanenepa kama miwa. Nikataka hayo mabua na majani ya maharage yabaki palepale, yaoze, udongo nao upate kula. Mashamba ya mjomba yanawekwa mbolea kila msimu, halafu mabua yote yanaondoka tumboni mwa ng'ombe. Sasa udongo wake ni mgumu kama uwanja wa shule, na mbolea ileile inaleta mahindi madogo zaidi.

Nilimwomba afunge kipande changu tu, ng'ombe wasiingie. Alinijibu mbele ya Mzee Wambura, jirani mwenye ng'ombe wengi:

"Wewe ulisoma kilimo au ulisoma uchoyo? Shamba likishavunwa, mabua yanaliwaga na ng'ombe wa wote. Nikifunga, kesho nani ataniazima maksai wa kulimia?"

"Mwache," mzee akasema. "Binti anataka kuwapikia minyoo."

Wakacheka. Nami, unavyonijua, nikainama nikaendelea kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unapaka mavi miche ya mihogo ili mbuzi wasiiguse.

Jumatatu ng'ombe walikuja. Wakanusa, wakapuliza pua, wakapita. Mzee Wambura akasimama pale akitikisa kichwa.

"Ng'ombe si mjinga," akamwambia mjomba. "Hiyo mbolea yenu ya dukani ni sumu."

Mjomba akaamini. Amemkataza mkewe kuweka mbolea kwenye mahindi yake, na shamba la huyo mke limechoka kabisa, na watoto wanakula kutoka humo. Mbolea haina kosa, mama. Kosa ni kuitegemea peke yake huku udongo unanyang'anywa kila kitu. Niliposema ukweli walicheka. Ng'ombe alipopiga chafya wakasadiki.

Ninajikasirikia na mimi pia. Mke wa mjomba ndiye pekee asiyenicheka, na ndiye anayeumia. Kila jioni ninafukia mabua kwa jembe, imebaki sehemu ndogo kando ya njia. Nikisema leo, kesho wataingiza ng'ombe hapo. Nikishafukia yote nitamwambia mjomba mwenyewe, kabla mkewe hajapanda, hata kama atanirudisha nyumbani kwetu Kibara.

Msalimie baba akitoka kuvua, na bibi, na mdogo wangu anayechunga mbuzi. Mke wa mjomba anakusalimia, anasema dagaa ulizotuma zilikuwa tamu.

Najua mjomba ni kaka yako na hujawahi kumficha kitu. Hili mfiche, mama, mpaka mimi nipate mdomo wa kulisema.

Mwanao,
Nyangeta