Mbuzi wa Baba

Jumanne, Kilosa

Bado naisikia sauti ya Baba. Asubuhi alikuja kwa bodaboda toka kijijini kwake, kijiji cha Ulaya, amevaa koti lake la kanisani, akaniomba nimpeleke kwa wakili aandike wosia. Shamba anataka kumwachia mdogo wangu Anjela, anayemuuguza.

Nikamwambia, "Baba, usijichurie kifo. Halafu mawakili ni ghali, utamaliza mbuzi wote."

Uongo mtupu. Nilishaulizia, mbuzi wawili wangetosha. Ninachoogopa ni kulikosa shamba ambalo sijawahi hata kulipalilia.

Akarudi zake, kaniamini.

Jioni Anjela kanipigia. "Shikamoo, kaka. Baba anashukuru sana, anasema umewaokoa mbuzi wake."

Nikaitikia marahaba, kama mtu anayestahili.