Pasi ya mjomba Dieudonne

Zakia, mjomba Dieudonne hayupo tena. Kaka Aristide kaandika kwa Kiingereza kwenye grupu la familia, "Uncle has passed." Basi, hivyo tu.

Mama hakulia. Kachukua simu yangu, kasoma, karudia kusoma. Kasema, "Neno lile lile."

Kumbe mwaka tisini na tatu, kule makazi ya wakimbizi Katumba, mwalimu alikuja nyumbani mbio, anapiga kelele, "Dieudonne kapasi!" Mama ndiye aliyempigia mdogo wake shati la kuendea sekondari, kwa pasi ya mkaa. Ila kutoka makazini ilikuwa lazima uwe na pasi, kile kibali. Ofisi ya makazi wakamwandikia wiki mbili.

Zakia, wiki mbili! Sekondari ni miaka minne!

Wiki mbili zilipoisha, mjomba akarudi. Hakuna aliyemfukuza. Babu alimwambia asipitishe tarehe, na yeye hakupitisha. Sanduku alikuwa ameliacha bwenini, akijua anaenda kugongewa muhuri tu. Mwenye muhuri alikuwa safarini. Alipopata kibali kingine, nafasi yake shuleni ilishapewa mtu.

Akalima tumbaku mpaka anakufa.

Alirudi mwenyewe, Zakia. Mwenyewe!

Sasa hivi mama yuko uani anapuliza mkaa. Nimemwambia, mama, umeme upo. Kasema shati la kumzikia atalipiga kwa pasi ile ile.

Halafu akasema polepole, kama anaongea na ule mkaa, "Safari hii hawakumwandikia tarehe ya kurudi."