Kona Yetu Huwa Kavu

Jumatatu ya Pasaka. Asubuhi kulikuwa na jua, saa hii wingu zito limekalia mlima na hata kile kilele cheupe hakionekani. Kuku wameingia ndani mapema. Moyo wangu uko kama hii hewa, umejaa na haujanyesha.

Mwalimu wetu wa gumbaru alituambia mtu mzima akishajua kuandika aandike kila siku, hata kama ni habari ya ng'ombe tu. Mimi niliacha shule darasa la nne, gumbaru ndiyo imenimalizia. Kitabu hiki kimejaa ng'ombe. Leo nitaandika ubaya wangu.

Lakini kwanza nijisifu, kwa sababu hiyo ni haki ya mama.

Binti yangu wa pili, Wairimu, ni mwanamke wa kwanza kutoka Giakanja kukaa ndani ya gari la mashindano. Hakai kama abiria. Yeye ndiye msoma ramani. Dereva ni Bharat, fundi mwenye gereji Nairobi, Mhindi mpole mwenye mguu mzito. Bharat anakanyaga mafuta, Wairimu anamwambia mbele kuna nini. Bila Wairimu huyo Bharat angekuwa mpaka leo anazunguka huko Doldol akiuliza ng'ombe njia. Msichana alianzia ofisi ya ardhi hapa Nyeri, akichora mipaka ya mashamba. Kilima hiki chote anakijua, boma kwa boma. Nilisimama kanisani nikatangaza habari hiyo. Mchungaji akaniambia nikae chini. Nikamwambia bado sijamaliza.

Ana jina la mama yangu mzazi. Kwa hivyo sisi tukiwa wawili simwiti Wairimu, namwita maitu, yaani mama. Hivyo ndivyo desturi yetu ilivyo, wazee wanarudi ndani ya watoto. Ukimkosea mtoto wa namna hiyo umewakosea watu wawili.

Nami nimemkosea.

Sasa niseme ukweli kuhusu hizi mbio za Pasaka. Ninazipenda. Mwanamke wa umri wangu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaochimba matuta ya kuzuia udongo, nasimama kwenye majani kama mtoto nikingoja gari. Kwanza unasikia sauti upande wa Chaka, mbali, kama mtu anachana kitambaa kipya. Halafu unaona vumbi likipanda kwa migomba. Halafu kifua chako chote kinatetemeka, na kabla hujasema neno imepita. Nikiwa hapo nasahau mgongo unaoniuma. Nasahau hata bwana yangu aliyetuacha mwaka ule wa njaa. Ni dakika mbili tatu tu, lakini ni zangu.

Na najua zinachoharibu. Dukani tunapanga foleni kwa mafuta ya taa, na hapo barabarani mafuta yanachomwa ili mtu afike mahali ambapo hana kazi. Kahawa ya jirani yangu Nyambura inabaki nyekundu kwa vumbi wiki nzima. Magari yakipita mara moja yanachimba mitaro ya matairi, na mvua ya Aprili ikija inafuata humo humo, inageuka korongo, inabeba udongo mpaka mtoni. Huo udongo nimeupigania. Matuta haya tuliyachimba kwanza kwa viboko vya mkoloni. Uhuru ulipokuja tukayaacha yabomoke, kwa hasira tu. Mvua ikatufundisha, tukayachimba tena kwa hiari yetu, tukiimba. Kila Jumatano bado tunayatengeneza.

Halafu kuna watu. Aii, watu! Wanaume wanashinda kwa pombe tangu Ijumaa Kuu. Wanasimama katikati ya barabara kushindana nani atagusa gari. Wanatupia matope gari wasilolipenda. Na kila mwaka kuna wale wa ng'ambo ya mto, wanamwaga maji barabarani usiku ili magari yakwame, wao wapate kuyasukuma. Wanapenda kusukuma kuliko kutazama. Mtu akishasukuma gari la mbio atalisimulia mpaka mwaka ule mwingine, utadhani lilikuwa lake. Mimi ndiye huwa nawagombeza. Nimewaita watu bila adabu, wauaji, watoto wa giza. Nimesema hivyo kwa mkutano wa chifu, watu wote wakisikia.

Sasa ubaya wenyewe.

Mwaka jana gari la Wairimu lilipita nikaona vumbi. Vumbi tu, maskini. Lakini nilipogeuka nikawaambia watu wote, "Mmeona alivyonipungia mkono?" Nyambura akaniangalia na yale macho yake ya kupima maziwa.

"Mama Wairimu, wewe uliona mkono ama uliona vumbi?"

"Niliona mkono, na saa ndani ya mkono."

"Hata saa! Ilikuwa inasema saa ngapi?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwaka mzima, nikipita sokoni mtu ananiuliza ni saa ngapi. Mimi nacheka pia. Lakini nyumbani ninajua kwamba msichana wangu alipita mlangoni mwa nyumba alimozaliwa na sikumwona uso.

Jumamosi juzi, siku ya magari kupita hapa, ilikuwa pia zamu yangu ya maji. Hapa kwetu mfereji ni mmoja, kila boma lina siku yake ya kufungulia shamba. Mfereji huo unapita juu kidogo ya kona ya barabara. Nikawaza: nikikata ukingo kidogo, maji kama ya beseni tu, hapo kwa kona patakuwa laini. Magari yatapunguza mwendo. Bharat atapunguza, nitamwona maitu, nitamrushia nduma zake, yale magimbi ya mtoni, zilizofungwa kwa jani la mgomba, basi. Sitaki akwame. Nataka apunguze tu.

Nilihesabu. Gari lililo mbele ya lao lilipopita na vumbi likafunika kila mtu, nilipanda juu nikapiga jembe mara tatu. Nikalificha jembe kwenye migomba, nikakimbia kusimama kwa kona nikiwa na nduma zangu mkononi.

Gari lao likachelewa.

Maji yakaendelea kuja. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni. Nilitaka kurudi kufunga, lakini nikasema akipita nikiwa huko juu? Kwa hivyo nikabaki.

Lilipotokea, halikupunguza hata kidogo. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini. Liliingia kona kwa nguvu zake zote, likageuka upande kama ng'ombe aliyeteleza, likaenda likalala kwa ua wangu wa kayaba. Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia. Ile miiba ilitoboa matairi mawili na taa moja ikavunjika.

Wairimu akatoka. Uso wote vumbi, macho tu ndiyo yalikuwa safi. Alikuwa amekonda. Alikuwa mrembo. Nikamfuta kwa kitambaa changu cha kichwa na hakunizuia, alisimama kama alivyokuwa akisimama akiwa na miaka minne.

Bharat hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema polepole, "Wairimu, uliniambia kavu."

Wairimu akachukua daftari lake ndani ya gari, lile ambalo ameandika kila kona kutoka Nairobi mpaka Nairobi. Akamwonyesha. Kona zote zingine zilikuwa na maneno mengi, angalia hapa, punguza pale. Yetu ilikuwa na maneno mawili. Kavu. Kanyaga.

Akasema, "Hapa huwa pakavu, Bharat. Mimi nimezaliwa hapa."

Halafu akanigeukia. "Si ndiyo, mami? Hapa huwa pakavu?"

Nikasema, "Labda bomba ya kanisa imepasuka."

Kanisa liko bonde lingine.

Watu walikuwa wameshajaa, wanasukuma, wamefurahi. Wale wa ng'ambo ya mto walikuja mbio kama wameitwa karamu. Mmoja akapiga kelele, "Ati ni mwanamke anasoma ramani! Ndio maana wameingia kwa shamba!" Mwingine akasema, "Mpe sufuria, huyo, aache ramani!" Wote wakacheka. Na mimi, mdomo wangu ambao mchungaji ameshindwa kuufunga, ulifungwa. Niliweka mikono nyuma ya gari nikasukuma pamoja nao. Matope yaliniruka mpaka kinywani. Nikayameza.

Walibadilisha matairi. Wairimu alikula nduma moja amesimama. Bharat akauliza kama kuna nyama ndani, maana yeye hali nyama, nikamwambia nduma ni nduma, mwanangu, kula. Akala mbili, akasema asante mama. Nilipata nusu saa nzima na mtoto wangu. Nilipata zaidi ya nilichotaka, na sitasahau ladha yake.

Kabla hajaingia ndani nilimwona akichukua kalamu. Akafuta "kavu". Akaandika kitu kingine, nikakisoma, maana gumbaru haikunifundisha bure. Aliandika: Usiamini unachokumbuka.

Wakaenda. Ndipo nikakumbuka mfereji. Sikuwa nimeufunga. Maji yalikuwa yametoka kwa kona yakaingia kwa Nyambura, yakabomoa matuta mawili, yale ambayo tuliyamaliza mwezi jana. Udongo ulikuwa mtoni tayari. Nyambura alisimama hapo akilaumu watu wa ng'ambo. Nami nikawalaumu pamoja naye, tena kwa sauti kubwa kuliko yake.

Leo mchana redio imetaja waliomaliza. Wamemaliza! Karibu na mkia, lakini wamemaliza, wakati wengi wamebaki porini. Niliruka mpaka paka akatoroka. Ningekuwa na kanisa mbele yangu saa ile ningetangaza.

Halafu mwenye duka akaja na ujumbe, maana simu iko kwake. Alisimama kwa lango akausema kama alivyopewa, "Wairimu anasema atakuja kesho asubuhi. Anasema mwambie mami nimemaliza. Halafu anasema hii kazi ya ramani ataacha, ati Bharat atafute mwingine, ati mtu aliyekosea kona ya kwao hawezi kuaminiwa kona ya watu."

"Alisema akilia?"

"Alisema akicheka, Mama Wairimu. Lakini unajua kile kicheko."

Ninakijua. Ni cha mama yangu.

Tangu hapo sijapika. Nimejaribu kujiambia kwamba ni vizuri aache, gari ni hatari, ataolewa, barabara itapumzika, kahawa ya Nyambura itapumua. Haya yote yanaweza kuwa kweli. Lakini siwezi kuyanunua kwa uongo wangu. Akitaka kuacha kwa sababu ya udongo na moshi, sawa, tutakaa tuzungumze kama watu wazima, na pengine nitakubaliana naye huku nalia. Asiache kwa sababu anadhani hajui nyumbani kwao.

Na watu wakijua? Watajua. Yule aliyewaita wengine watoto wa giza alikuwa na jembe kwa migomba. Nyambura hataniuliza tena ni saa ngapi, atatafuta kitu kibaya zaidi, na anacho kipaji. Jumatano nitasimama mbele ya akina mama wenzangu niwaambie ni nani alibomoa yale matuta mawili, kisha nitachimba mimi peke yangu mpaka waone huruma. Wakiona. Na mwaka ujao? Mungu anisamehe, najua nitakuwa hapo kwa majani nikisikiliza upande wa Chaka. Lakini mikono itakuwa mitupu, na maji yatakuwa shambani.

Kesho sitamngoja ndani na chai. Akikaa kwa chai nitaanza kumsifu na sitasema. Nitamngoja pale kwa kona. Nimeshatoa jembe kwa migomba nikaliweka kando ya mlango, lina udongo mwekundu mpaka sasa, sijalisafisha makusudi. Nitamwonyesha ukingo wa mfereji mahali nilipokata, ile alama bado iko. Yeye ni mpimaji, ataipima. Akitaka kunikasirikia ana haki mara mbili, ya binti na ya mama.

Halafu nitampa kalamu yangu hii. Hapa huwa pakavu, maitu. Andika tena.