Mkaratusi Juu ya Pijo ya Baba

Jumamosi jioni, Mbalizi

Paa la Pijo limebonyea mpaka kwenye usukani, lakini mama hana hata mkwaruzo. Hilo ndilo la kuandika kwanza.

Maonyesho ya magari ya zamani kwenye uwanja wa shule yalikuwa yamenoga. Mama alikaa ndani ya gari aliloliacha marehemu baba, akiwasimulia watu walivyotoka nalo Igowole siku ya harusi yao. Mara mvua ya mawe, na upepo ukaanza kung'oa mahema.

"Mama, shuka tukimbilie madarasani."

"Siiachi gari ya baba yako peke yake."

Nikambeba mgongoni, huku ananipiga mabegani. Hatujafika mlangoni, mkaratusi ukaliangukia gari.

Amenuna mpaka wakati wa kula. Kisha akauliza, "Utaweza kuinyoosha hiyo?"

Mimi ni fundi bodi, miaka ishirini sasa. Nimenyoosha yaliyoharibika kuliko hilo. Kioo cha mbele tu ndicho kinanitia wasiwasi, sijui nitakipata wapi...

"Naiweza, mama."

"Basi anza Jumatatu. Kesho unanipeleka kanisani nikashukuru. Na safari hii natembea mwenyewe."